Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya na chakula Mombasa: sindano isiyomgusa listeria

Kwa:
Wakuu mnaosimamia hospitali, afya ya umma, mifugo na leseni za vyakula,
Mombasa.

Waheshimiwa,

KUH: LISTERIA, DAWA TUNAZOZIPOTEZA NA MAABARA ISIYOOTESHA DAMU

Nawaamkua kwa heshima. Mimi ni mama wa Mikindani, mstaafu, niliyekaa mbele ya hadubini miaka 29. Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikapigwa muhuri, nikarudishiwa nakala. Nilipopeleka ya pili, karani aliniambia faili "imepanda juu." Nilipofuatilia ya tatu, kijana wa mapokezi alinitazama kwa huruma akasema, "Mama, hata ile ya pili bado haijashuka." Nimengoja miezi 7 faili ishuke. Sasa naandika mahali ambapo kila mtu atasoma, na atakayeona nimevunja adabu ya ofisi naomba aniwie radhi. Ofisi yenyewe sitaitaja, wala hospitali nitakayoizungumzia. Sitafuti mtu wa kufukuzwa kazi.

Mwaka jana, wakati wa joto la kaskazi, mkaza mwanangu alishikwa na homa mimba ikiwa ya wiki 31. Kabla ya hapo alikuwa ameharisha siku mbili, jambo ambalo hapa kwetu halimshtui mtu. Kisha ikaja homa, mgongo ukamuuma, viungo vikalegea. Akapimwa malaria, hana. Mkojo, safi. Akaandikiwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, sindano moja kwa siku kwa siku tatu. Nikauliza kama damu itatolewa ioteshwe, yaani iwekwe kwenye chupa yenye lishe ili bakteria waliomo wakue waonekane, kabla ya sindano ya kwanza. Muuguzi, binti mwenye macho mekundu ya kukesha, akanijibu kwamba chupa za kuoteshea damu zimeisha, na hata zingekuwepo majibu yangekuja mgonjwa ameshakwenda zake nyumbani. Siku ya nne mtoto akaacha kucheza tumboni. Alizaliwa akiwa ameshakufa, mvulana, ana nywele nyingi. Kondo la nyuma lilipelekwa kuchomwa bila kipande chochote kukatwa cha kupimwa.

Sisemi ilikuwa listeria. Siwezi kusema ilikuwa, na nyinyi hamwezi kusema haikuwa. Kisa chote cha barua hii kimo humo.

Kwa wasomaji wasiomjua: listeria ni bakteria anayekaa udongoni, kwenye majani yanayooza na kwenye matumbo ya mifugo. Anayewasumbua watu jina lake zima ni Listeria monocytogenes. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1926, pale Cambridge, baada ya sungura wa maabara kuanza kufa, na baadaye akapewa jina la Joseph Lister, daktari mpasuaji aliyewafundisha wenzake kuua vijidudu kabla ya kushika kisu. Mtu mzima mwenye afya akimla huharisha kidogo akasahau. Mjamzito huweza kuhisi mafua tu, kumbe mdudu anapita kwenye kondo kumfuata mtoto. Kwa kichanga, mzee, anayeishi na virusi vya ukimwi au anayetibiwa saratani, huingia kwenye damu na kwenye ubongo, na katika kila wagonjwa 100 wa namna hiyo hufa kama 20 hadi 30, hata wakipata tiba. Tangu siku ya kula hadi siku ya kuugua zinaweza kupita siku 70. Muulize mtu alikula nini siku 70 zilizopita.

Haya ndiyo yanayonisumbua.

1. Sindano inayotolewa kwa kila homa haimgusi mdudu huyu.

Seftriaksoni ni dawa nzuri, na sina ugomvi nayo. Imeokoa watu wengi mjini humu. Naelewa pia kwa nini wauguzi wanaipenda: hudungwa mara moja kwa siku, basi. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 40 usiku kucha hawezi kuzunguka na ampisilini kila saa nne au sita. Lakini seftriaksoni na ukoo wake mzima wa sefalosporini hauna kazi kwa listeria. Dawa hizi huua bakteria kwa kushikamana na protini anazojengea ukuta wake, na ya listeria haishikiki. Unaweza kumdunga mgonjwa wiki nzima na mdudu akaendelea na ujenzi.

Hapa nieleze jambo ambalo nimewasikia hata maafisa wakilichanganya. Usugu wa bakteria, yaani kutouawa na dawa, uko wa namna mbili: wa kuzaliwa nao na wa kuokota njiani. Huu wa listeria kwa seftriaksoni ni wa kuzaliwa. Haukuletwa na mgonjwa aliyekatiza dozi wala na mfugaji wa kuku, na hakuna sera itakayouondoa. Dawa yake ni kuujua tu. Ule wa kuokota nitaufikia kwenye nambari ya 4.

Na tiba ipo. Ni ampisilini kwa dozi kubwa, ikisaidiwa na jentamaisini, wiki 2 ikiwa mdudu yuko kwenye damu tu, wiki 3 akifika kwenye utando wa ubongo. Asiyepatana na penisilini, daktari ana kotrimoksazoli, ile tuliyozoea kuiita septrini. Zote ni dawa kuukuu na za bei ndogo, na mpaka leo listeria wengi mno wanaopimwa duniani bado wanakufa kwa ampisilini. Ndiyo maana nimepiga kelele sasa, dawa ingali inafanya kazi.

Miongozo ya taifa ya kutibu vichanga huanza na penisilini au ampisilini pamoja na jentamaisini. Hongera kwa walioiandika: kichanga anayetibiwa hivyo ana kinga hata kama hakuna aliyemfikiria listeria. Mamake aliyekuwa na homa wiki mbili kabla hana kinga hiyo. Na mzee aliyepita miaka 50, akiletwa na homa ya uti wa mgongo, vitabu vya tiba vinasema aongezewe ampisilini juu ya seftriaksoni, na sababu yake ni mdudu huyu mmoja. Pitieni faili za wodi mhesabu ni mara ngapi imeongezwa.

2. Hatuoteshi, na tunapootesha tunamtupa.

Kosa hili nalijua kwa sababu nililifanya mimi. Nilikuwa na miaka mitatu kazini, tumeletewa damu ya mama mmoja aliyejifungua kabla ya wakati. Nikapaka kwenye kioo tone la mchuzi, ule maji ya lishe tuliooteshea damu, nikatia rangi ya Gramu ya kutofautishia bakteria, nikainamia hadubini. Vijiti vifupi vya zambarau, viwili viwili, vingine vimeegemeana kama njiti za kiberiti zilizomwagika mezani. Vijidudu vya ngozi visivyo na madhara huonekana vivyo hivyo, na huingia kwenye chupa kila siku kwa sababu ngozi haikusafishwa vizuri kabla ya kuchoma sindano. Nikashika kalamu niandike "uchafu wa ngozi."

Mkuu wangu akanizuia mkono. Akaniambia nioteshe mchuzi mwingine, safari hii nisiuweke kwenye inkyubeta, lile kabati la joto la kuoteshea, niuache kwenye chumba chenye kiyoyozi, kwa maana listeria hupenda kuogelea kwenye nyuzi 22 hadi 25 na joto la Mombasa linamzidi. Kesho yake tukaweka tone bila rangi. Vile vijiti vilikuwa vikipiga pindu, kichwa chini miguu juu, kama watoto wanaojirusha baharini maji yakijaa. Sijapata kuona kijidudu kingine kikicheza vile. Kisha akanionyesha sahani ya damu ya kondoo: ukitazama juu huoni kitu, ukikikwangua kile kidoa ndipo unaona chini yake duara jembamba la damu iliyosafishwa. Ampisilini ikaanza siku hiyo hiyo. Kichanga yule, kama alikua, sasa ni mtu mwenye ndevu.

Waheshimiwa, hayo yote hayakutaka mashine ya mamilioni. Yalitaka chupa, sahani za damu, stima isiyopotea na fundi asiyebebeshwa kazi ya watu watatu. Leo mashine tunazo, zimefunikwa kwa vitambaa vya nakshi, na chupa hakuna.

Mwaka 2017 taifa letu lilitoa sera ya kuzuia usugu wa vijidudu kwa dawa, ikifuata mpango wa dunia uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Nimeisoma. Ni karatasi nzuri, inazungumzia ufuatiliaji karibu kila ukurasa. Ufuatiliaji huo unaanzia kwenye chupa ile niliyoambiwa imeisha. Bila damu kuoteshwa hakuna bakteria wa kupimwa na dawa, na bila kumpima, mkiulizwa usugu Mombasa umefika wapi mtajibu kwa takwimu za watu wengine.

3. Baridi ya friji si kinga kwa mdudu huyu.

Bakteria wengi wanaotuharibia chakula hulala wakipigwa na baridi. Listeria huendelea kuzaana kwenye nyuzi 4, polepole, lakini huzaana. Friza humsimamisha tu, halimuui. Chumvi anaivumilia. Kinachomuua ni moto ulioingia ndani. Kwa hiyo chakula cha kuogopewa ni kile kilichokwisha iva kiwandani au jikoni, kikashikwa tena, kikawekwa kwenye baridi siku kadhaa, kisha kikaliwa bila kuchemka. Soseji. Nyama ya kukatwa vipande. Maziwa yaliyochemshwa yakamiminwa kwenye ndoo isiyooshwa vizuri. Mwiku wa harusi uliolala friji siku tatu ukaliwa baridi.

Mkaza mwanangu alikuwa akishuka matatu jioni hununua smoki mbili, zile soseji za mkokoteni. Kijana anaipasua, anajaza kachumbari, anafuta kisu kwa kitambaa kile kile alichofutia meza. Makaa yaliyo chini yanaipasha juu juu tu. Sina neno na kijana yule; anatafuta riziki, na hakuna aliyemfundisha. Nina neno na duka linalomuuzia. Nilikuwa nimesimama pale siku Bwana Afya, mkaguzi wa afya ya umma, alipopita. Aliuliza leseni, akauliza cheti cha afya cha mwenye duka, akaandika, akatia sahihi. Friza lilikuwa hatua mbili kutoka alipo. Mpira wa mlango umechakaa, mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Stima ilikuwa imepotea tangu saa tano asubuhi na sasa ilikuwa saa tisa. Hakulifungua. Hakuwa na themometa hata ya kuazima.

Mtasema namkuza mdudu mdogo. Basi tazameni Afrika Kusini. Kuanzia Januari 2017 hadi katikati ya 2018 walithibitisha wagonjwa wa listeria zaidi ya 1,000, na zaidi ya 200 wakafa. Hakujapata kurekodiwa mlipuko mkubwa zaidi wa mdudu huyu popote duniani. Takriban wagonjwa 4 katika kila 10 walikuwa vichanga wasiotimiza siku 28. Chakula chenyewe kilikuwa poloni, ile soseji nene ya bei ya chini anayofungiwa mtoto wa shule na mkate, iliyotoka kiwanda kimoja cha Polokwane. Waziri wao wa afya, Aaron Motsoaledi, alisimama tarehe 4 Machi 2018 akataja chanzo hadharani, na nchi jirani zikafunga mipaka kwa nyama hizo.

Walijuaje? Madaktari wa vichanga wa Johannesburg na Pretoria waliona katikati ya 2017 kwamba maabara inawarudishia listeria mara nyingi kuliko kawaida, wakatoa taarifa. Kisha Januari 2018 watoto wa chekechea moja ya Soweto wakaugua tumbo. Kinyesi kikaoteshwa, mdudu akapatikana, maafisa wa afya ya mazingira wakaenda mpaka pale chekechea, wakafungua friji, wakatoa poloni. Someni tena sentensi hiyo. Maabara iliotesha na afisa akafungua friji. Kwetu hakuna linalofanyika kati ya hayo mawili.

4. Dawa zinauzwa kama njugu, za watu na za kuku.

Nilisema kuna usugu wa kuokota. Listeria alichelewa kuuokota kuliko wenzake. Mwaka 1988 huko Ufaransa ndipo alipopatikana wa kwanza aliyebeba usugu kwa dawa kadhaa kwa mpigo: kloramfenikoli, erithromaisini, streptomaisini na tetrasaiklini, zote kwenye kipande kimoja cha vinasaba. Tangu hapo, anaookota zaidi ni ule wa tetrasaiklini. Anaupata wapi? Tumboni. Humo mna bakteria wengine, hasa enterokoka, wenye vipande vya vinasaba vinavyohama kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Enterokoka waliozoeshwa dawa kila siku hubeba somo hilo, na listeria akipita tumboni humo hulichukua akaenda nalo.

Sasa nani anawazoesha? Mwezi Februari jirani yangu, mfugaji wa kuku wa mayai, alinituma dawa. Nikaingia duka moja la pembejeo. Muuzaji aliniuliza, "Kuku wangapi?" Hakuuliza wana nini. Akanipa pakiti ya unga wa oksitetrasaiklini, akaniambia vijiko viwili kwenye ndoo, siku tano, "na wakizidi kulegea ongeza." Kuhusu mayai hakusema kitu. Mayai ya siku hiyo yaliuzwa jioni ile ile, na nakiri mawili niliyala mimi kabla akili haijanirudia. Nyuma ya pakiti, kwa maandishi ambayo nililazimika kuvulia miwani na kuisogeza puani, yameandikwa siku za kungoja kabla ya kuuza nyama na mayai. Muuzaji hakuyasoma, na mnunuzi wa kawaida hawezi.

Kwenye kemisti ni hadithi ile ile, mnaijua, sitawachosha. Nitaje moja tu: nimemwona kijana akinunua vidonge vinne vya amoksilini kwa mafua, akarudishiwa chenji na peremende. Ampisilini na amoksilini ni ndugu wa toka nitoke. Kila kidonge kinachopotea kwa mafua ni shoka tunalolinyanyua juu ya dawa ile ile inayomponya mjamzito.

5. Dawa za kusafishia zinazimuliwa.

Hili ni fupi. Kwenye viwanda na machinjio hutumika dawa za kuulia vijidudu za aina ya benzalkoniamu. Listeria hujenga utando kwenye mifereji, kwenye mikanda na kwenye visu, na wako wenye vinasaba vya kuvumilia dawa hizo zikiwa hafifu. Anayezimua dawa kwa maji mengi ili idumu mwezi anamfuga mdudu aliyetaka kumuua. Mkaguzi aulize kipimo, aone chupa, aone kikombe cha kupimia.

Waheshimiwa, majibu yenu nayajua. Mengine nimeshapewa kwa mdomo, nikiwa nimesimama kwenye korido.

Kwamba "hakuna kisa cha listeria kilichoripotiwa kwetu." Nimekaa maabara miaka 29, na nawahakikishia kwamba ugonjwa usiotafutwa huwa hauripotiwi. Aliyefumba macho asitoe ushahidi kwamba chumba kitupu.

Kwamba ni maradhi ya Wazungu na jibini zao laini. Soweto si Ulaya.

Kwamba viwango vya vyakula na dawa ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa sehemu ni kweli, na nakala ya barua hii itakwenda Nairobi pia. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti huduma za afya za kaunti, huduma za mifugo, machinjio, na utoaji leseni na udhibiti wa biashara zinazouzia umma chakula. Sijui ni sentensi ipi hapo inayohitaji Nairobi kufungua friza la Mikindani.

Kwamba hakuna pesa. Hili naliheshimu zaidi ya mengine, kwa sababu nimefanya kazi bila glavu. Lakini ampisilini na jentamaisini si dawa za bei ya kutisha. Na themometa ya kuchomeka kwenye nyama ni kitu kidogo kinachoingia mfuko wa shati.

Kwamba nitatisha watalii, na mji huu unakula kwa watalii. Nafikiri mtalii hutishwa zaidi na mji unaosubiri hadi maiti zihesabike. Na hata asingekuja mtalii hata mmoja, wanaokula smoki pale stejini ni watoto wetu.

Basi naomba haya, na nimeyapunguza kusudi ili yasiwe kisingizio cha kuunda kamati.

Kila mjamzito mwenye homa isiyo na sababu iliyoonekana, damu yake ioteshwe kabla ya sindano ya kwanza, na daktari akumbushwe kwa maandishi, kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani wodini, kwamba seftriaksoni peke yake haimtibu listeria. Mimba ikiharibika au mtoto akizaliwa mfu baada ya homa, kipande cha kondo kiende maabara kabla ya tanuri. Chupa za kuoteshea na ampisilini ziwekwe kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuisha, na zikiisha tangazo litoke siku hiyo hiyo.

Mafundi wa maabara wapewe mafunzo ya siku moja, siku moja tu, ya kumtofautisha listeria na vijidudu vya ngozi. Nitayatoa mimi bila malipo. Slaidi ninazo.

Kila Bwana Afya apewe themometa, na fomu ya ukaguzi iongezwe mstari mmoja: joto la friji, nyuzi ngapi, saa ngapi. Vyakula vinavyoliwa bila kupikwa tena, hasa soseji na maziwa, vichukuliwe sampuli kila mwezi katika masoko ya Kongowea na Marikiti, na kwenye maduka yanayouzia mikokoteni. Wauza dawa za mifugo na za watu wakaguliwe pamoja, siku moja, na daktari wa mifugo akiwa kwenye gari moja na mwenzake wa binadamu. Matokeo yatangazwe, hata yakiwa mabaya, hasa yakiwa mabaya.

Na naomba majibu ya maswali matatu kwa maandishi: ni chupa ngapi za kuoteshea damu zilizotumika katika hospitali za umma za kaunti hii mwaka jana, ni bakteria wangapi waliopimwa na dawa na matokeo yake ni nini, na ni sampuli ngapi za vyakula vilivyo tayari kuliwa zilizopimwa listeria. Naomba kwa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayowapa siku 21. Sheria hiyo inasema pia kwamba habari inayogusa uhai wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Nimechagua siku 21, kwa heshima. Zisipopatikana namba kwa sababu hazikuwekwa, niandikieni hivyo hivyo, nitawashukuru. Zikipita siku hizo bila jibu, nitapeleka ombi rasmi bungeni kwa haki niliyopewa na Kifungu cha 37, na nitakwenda na akina mama wenzangu wa Mikindani, Likoni na Kisauni ambao nao wana hadithi zao za siku ya nne.

Nakala za barua zangu tatu zenye muhuri ninazo kwenye bahasha ya kaki. Atakayezitaka aje tunywe chai.

Mkaza mwanangu ana mimba tena, ya wiki 14. Kliniki yake ni Jumatano wiki ijayo, hospitali ile ile, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Nitakwenda naye, na nitamuuliza yule binti kama chupa zimekuja.

Wasalaam,

Mstaafu wa maabara,
Mikindani, Mombasa.